Mafuta ya pumba: nafuta kauli yangu ya Nachingwea



Nianze na kosa langu mwenyewe kabla hamjaletewa na wengine. Wiki tatu zilizopita nilisimama juu ya benchi pale Nachingwea mjini, vijana kama arobaini wamenizunguka, nikasema chama chetu kikishika halmashauri tutajenga kiwanda cha kukamua mafuta ya kula kutoka kwenye pumba za mpunga. Makofi yakapigwa. Mwenzetu mmoja akarekodi, video ikazunguka kwenye magrupu yetu mpaka Ruangwa, Liwale na Masasi. Watu wamenipigia kunipongeza.

Leo naifuta hiyo kauli. Hakuna aliyenitisha wala kuninunua. Kesho yake nilienda mashineni, kitu ambacho nilitakiwa kukifanya kabla ya kupanda kwenye benchi.

Wazo lenyewe nililitoa kwenye kipande cha video kutoka India. Mnakijua, kimepita kwenye simu za wengi wenu: pumba zinaingia upande huu, mafuta ya rangi ya dhahabu yanatoka upande ule, mama anakaanga samaki. Nikajiambia, kwetu pumba si zipo? Mabondeni kote huku watu wanalima mpunga, wanakoboa, pumba wanawapa kuku na nguruwe, makapi wanachomea matofali. Halafu mama yangu, anayekaanga maandazi kila alfajiri, ananunua mafuta ya kupima yaliyotoka Malaysia au Indonesia. Nikaona hapo siasa imekaa yenyewe, kazi yangu ni kuisema tu.

Basi nikaenda kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kukoboa. Jina lake naliacha, hajaomba kuwa maarufu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Wewe si ndo yule wa kiwanda?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniita nyuma ya mashine, akafungua viroba viwili. "Hiki cha leo asubuhi, hiki cha juma lililopita. Nusa." Cha leo kilinukia vizuri, harufu tamu kama ya unga mpya. Cha juma lililopita kilikuwa na uchachu fulani, kama sabuni ya zamani iliyosahaulika stoo. "Hata kuku wangu hiki wanakidonoa kwa kubembelezwa," akasema. "Sasa niambie. Hilo gari la kiwanda chako litakuja kuchukua pumba saa ngapi?"

Hakuuliza mwaka gani. Aliuliza saa ngapi. Nikakosa jibu, na nimekaa wiki tatu nikilitafuta.

Nitawaeleza nilichokipata, maana kila kijana wa chama atakayesema habari ya mafuta mbele za watu inabidi akijue.

Punje ya mpunga ina ganda gumu la nje, hilo ndo makapi. Chini yake kuna tabaka jembamba la rangi ya kahawia pamoja na kiini cha mbegu. Ukilikwangua ili mchele uwe mweupe, unapata pumba laini. Mafuta yamo humo, kiasi cha asilimia 15 mpaka 20 ya uzito wa pumba. Hiyo ni kweli, video haikudanganya. Ila ndani ya pumba hizo hizo kuna kimeng'enya kinachovunja mafuta. Wakati punje ni nzima, kimeng'enya na mafuta vinakaa mbalimbali, kama majirani wenye ukuta katikati. Mashine ikishakwangua, ukuta umebomoka. Kuanzia dakika hiyo mafuta yanaanza kugeuka asidi. Kwenye joto kama letu la kusini, ndani ya siku moja tu asidi inaweza kufika asilimia 5 na kupanda, na baada ya wiki chache unachokamua kinafaa kutengeneza sabuni, hakifai kukaangia maandazi ya mama yangu.

Ndo maana huko India, nchi inayoongoza duniani kwa mafuta haya, viwanda vinafukuzana na muda. Pumba zinatolewa kwenye vinu zikiwa mbichi na kufikishwa kiwandani haraka, au zinapikwa kwanza: zinapitishwa kwenye joto la nyuzi 100 na zaidi kwa dakika chache ili kukiua kile kimeng'enya, kisha zinakaushwa. Zikishapikwa hivyo zinaweza kusubiri. Wajapani nao wanayatumia mafuta haya miaka mingi, mpaka kwenye vyakula vya watoto shuleni. Ni mafuta mazuri kweli kweli. Yanastahimili moto mkali, mpaka kwenye nyuzi 230 hivi ndo yanaanza kutoa moshi, kwa hiyo kwa chipsi, samaki na maandazi yanafaa sana. Ladha yake ni ya upole, haikimezi chakula. Yale mengine mnayotumiana kwamba yanaponya sukari na presha, naomba tuyaache. Sisi ni jumuiya ya vijana wa chama, hatuuzi dawa stendi.

Halafu kuna habari ya mashine yenyewe. Mashine nyingi ndogo huku vijijini zinatoa ganda na kukwangua mchele kwa mkupuo mmoja. Kinachotoka ni mchanganyiko: makapi yaliyosagika, pumba, na chenga kidogo. Ukipeleka mchanganyiko huo kukamua, mafuta ni kidogo na makapi yanaila mashine, kwa sababu ganda la mpunga lina kitu kama mchanga ndani yake. Ili upate pumba safi unahitaji mashine inayomenya ganda kwanza na kukwangua baadaye. Mzee alinionyesha tofauti kwa kiganja: pumba safi ukizifinya zinashikana kwa ajili ya mafuta, zilizochanganyika na makapi zinatawanyika.

Sasa hesabu. Chukua gunia la mpunga la kilo 100. Makapi ni kama kilo 20. Pumba safi ni kilo 8, labda 10 ukibahatika. Ndani ya kilo 8 za pumba kuna mafuta kilo moja na robo mpaka kilo moja na nusu hivi, na hiyo ukitaka kuipata yote inabidi utumie kiwanda kinachoyayeyusha mafuta kwa kemikali, kisha kinaiondoa kemikali kwa mvuke. Kwa mashine ya kubana tu, gunia zima la mpunga huenda lisikupe hata lita moja.

Kiwanda cha kemikali nacho hakijengwi kwa ajili ya kijiji kimoja. Kwa wenzetu, kiwanda kinachokula tani 50 za pumba kwa siku kinaitwa kidogo. Piga hesabu uone: tani 50 za pumba ni zaidi ya magunia 6,000 ya mpunga yaliyokobolewa siku hiyo hiyo. Kila siku. Mimi nimezaliwa Nachingwea, najua mabonde yetu. Mpunga wetu ni wa msimu mmoja, wa vijaruba, mwingi unaliwa nyumbani. Kiwanda kama hicho kikija huku kitafanya kazi wiki mbili halafu kitageuka ghala la korosho.

(Na kama kuna kijana amepata wazo la kuloweka pumba kwenye petroli nyumbani ili ayatoe mafuta, kwa sababu ameona wanasema "kemikali", tafadhali sana aache. Kemikali ya viwandani inashika moto kama petroli, ndo maana inafanyiwa kazi ndani ya mitambo iliyofungwa. Ninataka tuwe wengi kwenye uchaguzi ujao, siyo tuwe kwenye taarifa ya zimamoto.)

Kama mafuta ya pumba yana mahali pake Tanzania, ni kule mpunga unakokobolewa kwa malori: Mbeya kwa watu wa Usangu na Kyela, Kilombero, Kahama. Tanzania ndo inaongoza kwa mpunga Afrika Mashariki, na pumba nyingi za huko zinaishia kuwa chakula cha mifugo zikiwa na mafuta yote ndani yake. Wakati huo huo takwimu ambazo serikali yenyewe ilikuwa ikizitaja miaka michache iliyopita zinasema nchi inahitaji tani 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka, na sisi tunazalisha kama tani 205,000. Lile pengo linajazwa na meli za mawese. Kwa hiyo hoja ya pumba nataka ipande kwenye ilani ya chama ya taifa, ikiwa na majina ya maeneo hayo. Kuiweka Nachingwea ilikuwa ni ulevi wa kipaza sauti.

Na sisi wa Nachingwea, kuliko watu wote duniani, hatukutakiwa kuufanya ulevi huu.

Waulizeni wazee. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita. Ikatuma ujumbe wa watu watatu, ukiongozwa na John Wakefield. Wakazunguka Afrika Mashariki kwa wiki tisa, sehemu kubwa wakitazama ardhi kutoka kwenye ndege, wakarudi na mpango wa kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni tatu. Mwaka 1947 kazi ikaanza. Kongwa, Urambo, na kwetu Nachingwea. Vifaru vya vita vikageuzwa matrekta. Reli ikajengwa, bandari ya Mtwara ikachimbwa kwa ajili ya karanga za Nachingwea. Kule Kongwa waligundua kwamba udongo mvua ikikata unakuwa kama saruji, karanga hazing'oki. Huku kwetu msitu uliwagomea na reli ikachelewa. Januari 1951 serikali yao ikatangaza mwisho, pauni milioni 36 hivi zimekwenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa, ikang'olewa.

Kilichobaki Nachingwea ni namba za mashamba. Shamba namba 17 baadaye likawa kambi ya FRELIMO, akina Samora Machel wakajiandaa pale kuikomboa Msumbiji, na leo jina hilo lipo kwenye shule. Hiyo ndo faida pekee kubwa tuliyoipata kwenye mafuta ya Waingereza, na wao hawakuipanga.

Wiki tisa za Wakefield zinachekwa mpaka leo kwenye vitabu. Mimi nilitumia dakika nne za video. Na Wakefield angalau alikuwa bwana kilimo.

Sasa nivuke niende Ruangwa, maana huko ndiko hasira yangu ya kweli ilipo, na hii siifuti.

Mama mdogo wangu analima ufuta Ruangwa. Ekari mbili, jembe la mkono. Mwezi wa sita anaupeleka kwenye chama cha msingi, unapimwa, unaingia ghalani, unapigwa mnada chini ya RUNALI, hicho chama kikuu kinachobeba majina ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Miaka ya karibuni bei imewahi kupita shilingi 3,000 kwa kilo, na siwezi kusimama hapa nikasema stakabadhi ghalani haijasaidia kitu. Imesaidia. Zamani chomachoma walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba na vipimo vyao vya kutengenezwa, wanachukua ufuta ukiwa bado shambani kwa bei ya kilio. Anayebeza mnada mbele ya mama mdogo atafukuzwa na mwiko.

Ila tazameni safari ya huo ufuta. Unatoka Ruangwa ukiwa mbegu, unapanda lori, unaingia bandarini, unakwenda China, Japani, India. Nusu ya uzito wa kila gunia ni mafuta. Nusu! Tunasafirisha mafuta yakiwa ndani ya ganda lake, na mashudu ambayo yangelisha kuku na ng'ombe tunayatoa bure. Mwezi wa saba mama mdogo anachukua kidumu kwenda dukani kununua mawese.

Kwa karibu miaka kumi, tangu Novemba 2015, jimbo la Ruangwa lilikuwa la Waziri Mkuu, ndugu Kassim Majaliwa. Mtu huyo ndiye aliyekwenda Kigoma mwaka 2018 kufufua michikichi, ndiye aliyezunguka kuhimiza alizeti. Sikatai, alizungumzia mafuta ya kula kuliko kiongozi yeyote wa wakati wake. Ruangwa ikapata uwanja, Namungo ikapanda ligi kuu, na mimi ni mpenzi wa Namungo kwa hiyo sitaanza kulalamika kuhusu uwanja. Nauliza tu: kwenye wilaya ya ufuta, ya Waziri Mkuu wa mafuta, mama mdogo anakwenda wapi na debe moja la ufuta wake akikamuliwe?

Hapa tena nisikilizeni vizuri, maana ningeweza kushuka kwenye kiwanda cha pumba na kupanda moja kwa moja kwenye kiwanda cha ufuta, mkanipigia makofi mengine. Tupige hesabu kwanza. Kilo 100 za ufuta kwa shilingi 3,000 ni laki tatu. Ndani yake kuna mafuta kilo 50, lakini mashine ndogo haikamui yote. Tuseme inatoa theluthi mbili: kilo 33, ambazo ni kama lita 36. Gawanya laki tatu kwa 36. Kila lita imeshakula zaidi ya shilingi 8,300 kabla hujalipa umeme, chupa na mtu wa kusimamia mashine. Muuza chipsi hawezi kuyanunua hayo. Mama yangu hawezi. Kwa hiyo anayewaambia kwamba mafuta ya ufuta yatashusha bei ya mafuta ya kupikia Nachingwea, mwambieni awaonyeshe karatasi ya hesabu.

Mafuta ya ufuta ni bidhaa ya kuuza kwa mwenye nacho: kwenye hoteli, maduka makubwa Dar, wanaoyataka kwa ngozi na nywele. Kijana wa Ruangwa akikamua kilo 500 kwa msimu, akaweka kwenye chupa safi yenye alama ya TBS, akauza mashudu kwa wafugaji, ana kazi. Kazi moja, mbili, kumi na tano. Siyo mapinduzi ya viwanda, lakini ni kazi ambazo leo hazipo.

Na kwa jiko la mama yangu? Karanga. Nacheka nikiandika, lakini ndo ukweli. Wenyewe tunazitwanga kwenye kisamvu na mchicha tangu enzi, mafuta hayo tunayala bila kuyapitisha kwenye chupa. Watafiti wetu wa Naliendele pale Mtwara wametoa mbegu ya karanga inayoitwa Nachingwea 2009, wana na mbegu za ufuta, Lindi 2002 na Mtwara 2009. Mbegu ina jina la wilaya yetu! Ulizeni katika vijiji vyenu ni wangapi wamewahi kuipanda. Alizeti nayo inakubali maeneo mengi, na ndo yenye bei ya kuweza kushindana na mawese, ilimradi serikali isiivunje miguu. Mnakumbuka 2023, wakulima wa alizeti wa Singida na Dodoma walivyolia bei ilipoanguka, baada ya ushuru wa mafuta ya nje kuguswa. Mtu alihamasishwa alime, akalima, halafu akafunguliwa bahari ya mawese mlangoni.

Kwa hiyo ninachoomba kamati zetu za Nachingwea na Ruangwa zikibebe badala ya kiwanda changu cha benchini ni vitu vidogo, vinavyoudhi kwa udogo wake. Kwanza ni ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Ni sheria, siyo hisani ya mkurugenzi. Mwaka 2023 ilisimamishwa, 2024 ikarudi kwa utaratibu mpya, na CAG ameandika mara kadhaa kuhusu vikundi vilivyokopa na kuyeyuka. Sasa vikundi vyetu vikae, viombe mashine ya kukamua na kichujio, siyo bodaboda kumi na mbili tena. Bodaboda Nachingwea zimeshazidi abiria. Nasema hivi nikiwa na kaka yangu dereva wa bodaboda na atanisema.

Pili, tuwasumbue vyama vya msingi kuhusu kikundi cha wakamuaji. Leo ufuta wa mnada unauzwa kwa tani nyingi kwa mtu mwenye benki. Kijana anayetaka kilo 500 hana mlango: mnadani ni mdogo mno, na akinunua kwa jirani anaitwa chomachoma. Kwa nini chama cha msingi kisitenge fungu dogo, kwa bei ile ile ya mnada wa siku hiyo, kwa kikundi kilichosajiliwa kijijini? Mkulima hapotezi hata shilingi. Hili halihitaji Bunge, linahitaji mkutano mkuu wa wanachama, na sisi tunaolima ni wanachama. Tatizo ni kwamba kwenye mikutano hiyo vijana hatuendi. Tunangoja mkutano wa hadhara wenye muziki.

Umeme sitausema sana, mnaujua. Gesi ya Songosongo, mkoani kwetu Lindi, imekuwa ikiwasha Dar es Salaam tangu 2004. Gesi ya Mnazi Bay inazalisha umeme wa Mtwara na Lindi. Na bado mwenye mashine anakuambia njoo kesho.

Na pumba? Nilirudi kwa mzee mara ya pili nikiwa na sufuria kubwa ya mama. Tukazipika pumba za asubuhi ile ile, tukazikaranga kwa moto wa wastani, tunageuza kwa mwiko mpaka zikakauka na kunukia kama njugu. Hatukukamua chochote. Tulitaka kuona kama hazitachacha. Tukaweka kiroba kimoja kilichokarangwa na kimoja kibichi, vyote juu ya ubao, mbali na unyevu. Baada ya siku kumi kibichi kilikuwa kimeshaharibika harufu. Kilichokarangwa bado kilikuwa na utamu wake. Mzee alichota kidogo akatia kwenye uji wake, akanywa mbele yangu, akasema wazee wake walikula mchele wa kutwanga kwa kinu, ukiwa na pumba zake, na meno yalikuwepo.

Kuna kisa nilikisoma kinachomuunga mkono. Miaka ya 1890 kule Java, daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wanapooza miguu, na wakipewa pumba wanapona. Kwenye pumba kulikuwa na vitamini B1 tunayoimwaga ili wali uwe mweupe wa harusi. Mwaka 1929 alipewa Tuzo ya Nobel. Mzee wangu hajui habari hizo, kuku wake wanazijua.

Sasa kuna makamanda wameshaniandikia. Mmoja anasema nimewapa wapinzani wetu silaha, kwamba watasema "hawa hata ahadi zao wanazikana". Mwingine, huyu ni dada ninayemheshimu sana kwenye kamati ya Ruangwa, anasema ningenyamaza tu, watu wangesahau. Najua watu wangesahau. Wamesahau ahadi nyingi, na sisi kazi yetu imekuwa kuwakumbusha ahadi za chama tawala, tarehe na mahali. Nikisimama Ruangwa kuuliza kiwanda alichoahidi fulani kiko wapi, nataka niweze kugeuka nyuma bila kuona kiwanda changu mwenyewe.

Mwingine akaniambia: "Lakini kaka, wananchi wanataka ndoto kubwa, huwezi kuwapa habari za kukaranga pumba." Labda. Sijui kupima ndoto za watu. Ninachojua ni kwamba siku ile kwenye benchi, aliyepiga makofi ya nguvu kuliko wote ni kijana mmoja mwenye shati la Namungo, na baada ya mkutano alinifuata kando akaniuliza, "Kaka, hicho kiwanda wataajiri lini? Nianze kutafuta cheti changu?" Nikamwambia aanze. Cheti kipo kwa bibi yake Liwale, nauli ya kwenda na kurudi alikopa. Huyo ndiye ninayemdai radhi kwanza, na nimeshampigia simu. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu kama ile mashine ya kukamua ufuta nayo inahitaji cheti.

Jumamosi hii saa kumi jioni nitakuwa pale pale, kwenye benchi lile lile. Mzee wa mashine amekubali kuja na viroba vyake viwili ili watu wanuse wenyewe. Mama ameahidi maandazi, lakini amesema mafuta ninunue mimi.